Jumanne ya Mstaafu

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya watumishi wanaotarajia kustaafu, katika semina iliyofanyika jijini Tanga. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, lakini sikuyapunguza.

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wa semina hii, na watumishi wenzangu mnaokaribia kukabidhi funguo za ofisi: asalaam alaykum, na Bwana asifiwe. Nimepewa nusu saa, na mada yangu, vikundi vya burudani na matembezi ya wastaafu, ndiyo ya mwisho kabla ya chakula, kwa hiyo natambua kwamba nashindana na harufu ya pilau inayotoka nyuma ya ukumbi.

Kwa siku mbili mmesikia habari za kiinua mgongo, pensheni ya kila mwezi, uhakiki, matibabu, na kuku. Sina ugomvi na kuku. Ila nimekuwa nikihudhuria semina za namna hii tangu nilipokuwa mimi ndiye niliyekalia viti hivyo, na sijamsikia hata mara moja mtoa mada akimuuliza mtumishi swali hili: Jumanne ya kwanza baada ya kuagwa, saa tatu asubuhi, utakuwa wapi, na nani atakuwa anakungoja?

Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Enzi zetu meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mizigo ikashushwa kwenye matishari, na matishari yakavutwa hadi nchi kavu. Kazi yangu ilikuwa kusimama na ubao na penseli, nikihesabu robota za mkonge zinazoondoka na magunia yanayoingia. Nilipotimiza miaka 60 nilistaafu kwa mujibu wa sheria, nikafanyiwa sherehe, nikapewa saa ya ukutani, ambayo mpaka leo naiona kuwa ni zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza umemwondolea sababu ya kutazama saa. Jumatatu iliyofuata nilishinda ndani. Jumanne nilivaa viatu vya kazi, nikapanda baiskeli, na nilipozinduka nilikuwa mbele ya geti la bandari. Mlinzi, kijana ambaye nilimwona akianza kazi, aliniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, umesahau nini?" Sikuwa nimesahau kitu. Nilimdanganya kwamba namtafuta fundi mmoja wa winchi, nikageuza baiskeli, nikarudi nyumbani kwa njia ya mbali ili nisionwe na watu.

Nimewaeleza aibu hiyo kwa sababu swali la yule kijana ndilo lililotuzalia kikundi chetu cha burudani. Tulianza watu wanne, mtaani Ngamiani hapa Tanga, chini ya mti wa mkungu ulio mbele ya nyumba ya mwenzetu mmoja, na kilichotukutanisha kilikuwa bao. Hamhitaji kufundishwa bao ni nini, lakini huenda wengi wenu mmeliacha tangu utotoni, kwa hiyo nawakumbusha: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 zilizokwisha kupangwa na 22 za akiba mkononi. Mtu anayecheza kwa haki hawezi kuwa na mawazo mengine. Anapochota kete na kuanza kuzitaga, moja moja, sauti ya komwe ikigonga mti, amekwisha kuona zitakapokomea na kama nyumba ya mwenzake, yaani shimo lake kuu, itaguswa. Mimi nilidhani kuhesabu ni fani yangu, mpaka nilipofungwa mara tano mfululizo na mzee aliyekuwa kuli kwenye matishari yaleyale niliyokuwa nikiyahesabu. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikiandika jina lake kwenye orodha ya vibarua. Chini ya mkungu, yeye ndiye aliyekuwa akiniambia, kwa upole unaouma, "Karani, hapo umejimaliza mwenyewe."

Hilo ni jambo ambalo hakuna fomu ya mafao itakayowaeleza. Siku mnapostaafu, cheo kinabaki ofisini pamoja na muhuri, na wengi wetu tunaugua kwa ajili hiyo bila kujua kinachotuuma. Aliyekuwa akiitwa bosi anangoja aitwe bosi, haitwi, anajifungia ndani. Kikundi cha burudani kinampa jina jingine kabla jina la kwanza halijapoa, kwa kuwa huko mtu hujulikana kwa anachokiweza sasa, awe mfunga bao, mkulima wa maua, mpiga udi au mjuzi wa nyota.

Hata hivyo bao peke yake lilikuwa na kasoro mbili, na tulichelewa kuziona. Ya kwanza ni kwamba tulikuwa tumekaa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya kadiri yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, na kwa wazee linaongeza mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili, angalau siku tatu katika wiki, ili kuepuka kuanguka. Sisi tulikuwa tukifikisha dakika 150 kwa siku moja, lakini za kukaa. Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi: tulikuwa wanaume watupu. Wake zetu na dada zetu, ambao baadhi yao walistaafu ualimu, uuguzi na ukarani kama sisi, walikuwa nyumbani wakilea wajukuu, na jamii nzima ililiona jambo hilo kuwa ni mapumziko. Sikubaliani hata kidogo na mazoea hayo. Mwanamke aliyefanya kazi ya zamu za usiku wodini kwa miaka 30, kisha akastaafu na kukabidhiwa watoto wanne wa kuogesha kila alfajiri, huyo hajastaafu bali amehamishwa kituo.

Muuguzi mmoja mstaafu ndiye aliyeuvunja ukuta huo. Alikuja na fungu la minyaa ya ukindu, nyingine nyeupe, nyingine iliyotiwa rangi ya zambarau, akakaa upande wa pili wa mkungu, akaanza kusuka ukili bila kumsemesha mtu. Wiki ya pili walikuja kina mama wengine watatu. Wiki ya tatu mhasibu mstaafu, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, aliomba afundishwe. Yule mama alimpa minyaa michache tu, akamwonyesha jinsi ya kuupitisha mmoja juu na mwingine chini na kuubana kwa kidole gumba, kisha akamwacha. Mhasibu alisuka kipande cha urefu wa kiganja, mama akakitazama, akakifumua mbele ya macho yake. Alikifumua mara tatu. Safari ya nne aliurudisha ukili mikononi mwake, akasema, "Huu sasa umenyooka, endelea." Nimewahi kumwona mtu huyo akifunga hesabu za mwaka bila kasoro, lakini sijamwona akifurahi kama siku ile.

Kufundishana kwa namna hii kumegunduliwa pia na watu wa mbali. Mwaka 1973, huko Toulouse nchini Ufaransa, Profesa Pierre Vellas alianzisha masomo ya chuo kikuu kwa ajili ya wastaafu, yakaitwa chuo kikuu cha umri wa tatu, yaani umri unaofuata baada ya utoto na baada ya kazi. Waingereza waliuchukua mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaugeuza: wakaondoa wahadhiri wa kulipwa, wakaondoa mitihani na vyeti, na wanachama wenyewe wakawa walimu na wanafunzi kwa zamu. Kwa maoni yangu namna ya Waingereza ndiyo inayotufaa, kwa kuwa ni baraza letu la kahawa lililotiwa ratiba. Kilichokosekana kwetu ni ratiba tu.

Sasa niingie kwenye matembezi, ambayo ndiyo hasa niliyoitiwa, na nianze na safari iliyotuharibikia.

Tuliamua kwenda Kisiwa cha Toten, kile mnachokiona kila siku katikati ya ghuba yetu na ambacho wengi wenu, kama nilivyokuwa mimi, hamjawahi kukikanyaga. Kina magofu ya misikiti na makaburi ya kale, na jina lake ni la Kijerumani, maana yake wafu. Tulikodi mashua ya mashine, tukaondoka dikoni saa moja asubuhi, watu kumi na wanne, tukiwa na maji ya kunywa, maandazi na furaha. Lililotushinda ni jambo ambalo mtu yeyote wa pwani angetakiwa kuliona: siku ile ilikuwa ya bamvua. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na hiyo ndiyo saa tuliyokuwa tukirejea. Mashua ilikwama mbali na ufuko, mbele yetu pakiwa na tope jeusi la mikokoni linalofika nusu ya muundi. Tulikuwa na uchaguzi wa kusubiri juani kwa saa tatu au kushuka. Tulishuka. Mzee mmoja aliacha kiatu kimoja humo na hakukipata tena; mama mmoja mwenye maumivu ya goti alibebwa mgongoni na kijana wa mashua huku akiomba radhi njia nzima, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kosa lilikuwa langu. Mimi, niliyekaa bandarini umri wote, ndiye niliyepanga siku kwa kutazama kalenda ya ukutani, nikachagua Jumamosi kwa kuwa Jumamosi hakuna anayekwenda hospitali. Jioni ile tuliketi chini ya mkungu tukafanya kikao kigumu kuliko vyote tulivyowahi kufanya, na humo ndimo ulimotoka utaratibu tunaoufuata mpaka leo. Kila safari ina mtu wa maji, ambaye kazi yake ni kujua mwezi uko siku ya ngapi na bahari itajaa saa ngapi, akikumbuka kwamba kila siku inayopita maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kuna mtu wa dawa, anayejua nani ana sukari, nani ana presha, na nani amemeza nini kabla ya kutoka. Wenye sukari hawaondoki bila kula, hata kama safari itachelewa kwa ajili yao. Kuna mtu wa daftari la fedha. Na kuna anayetangulia kwenda mahali penyewe wiki moja kabla, kwa miguu yake, akahesabu ngazi, akatafuta kivuli, na akauliza choo kiko wapi. Naomba msicheke habari ya choo. Nimeona wazee wakikataa safari nzuri kabisa kwa sababu hiyo moja, nao wanaona haya kuitaja.

Utaratibu huo ulitupa kitu ambacho hatukukikusudia. Kila mtu akawa na kazi, na mzee mwenye kazi husafiri tofauti na mzee anayepelekwa. Watoto wetu wanatupenda, Mungu awabariki, lakini wakitutoa nje hutuweka kiti cha mbele, hutufunga mkanda, hutununulia soda, na hutuuliza kila dakika kumi kama tumechoka. Mtu akifanyiwa hivyo mwaka mzima ataanza kuamini kwamba yeye ni mzigo, na mimi kuhusu mizigo naweza kusema kwa mamlaka: mzigo hauulizwi unakwenda wapi.

Mapango ya Amboni tulikwenda kwa utaratibu huo mpya. Yako karibu, kilomita nane hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mombasa, kisha unaingia Kiomoni. Mtangulizi wetu alirudi na taarifa kwamba ndani kuna mahali pa kuinama na mahali penye utelezi, hivyo tukagawanyika bila manung'uniko: wenye magoti mazima waliingia na mwongozaji na tochi, wengine wakabaki juu ya Mto Mkulumuzi wakiandika ndege waliowaona. Waliotoka ndani walisimulia popo, chokaa iliyochuruzika ikawa kama nguzo, na vitambaa na chupa za marashi alizowekewa Mzimu wa Mabavu. Sote tulikua tukiambiwa kwamba pango lile linatokea Mombasa. Wapimaji wa miaka ya 1990 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja, habari ambayo ilimsikitisha sana mwenzetu mmoja, akasema wapimaji hao bila shaka walichoka.

Siku ileile wapenda bustani wetu walipata hoja ya kuringia. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya ua dogo la zambarau katika misitu ya huku, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo ua hilo limo kwenye vikopo vya madirishani kote Ulaya na Marekani, na huku kwake limekuwa la kutafutwa. Lapenda kivuli, unyevu na mwamba. Tangu siku ile wapenda bustani wana mazoea ya kuchungulia kila ufa wa jiwe, na sharti lao ni kwamba ukiliona unaita wenzako, huling'oi. Kwa ajili yao tumeshakwenda mpaka Amani, kupitia Muheza na kona za mlima, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kama mtakwenda, chukueni sweta. Sisi watu wa joto la pwani tulitetemeka hadi tukaombana kanga.

Lakini safari ninayoipenda mimi ni ya Tongoni, kilomita 17 hivi kwa njia ya Pangani. Pale kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo, na bahari iko nyuma ya miti. Vasco da Gama alipita pwani hiyo mwaka 1498 akienda India, na aliporudi mwaka 1499 mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa, hasa kwa kiseyeye, hata waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Ndipo meli moja, São Rafael, ikachomwa moto mbele ya pwani hiyohiyo. Kama karani wa mizigo, habari ya meli inayochomwa kwa kukosa watu wa kuiendesha hunigusa kuliko habari ya wafalme. Tulikaa chini ya kivuli tukimenya machungwa ya Muheza, na yule muuguzi wetu akatueleza kwamba kiseyeye hutokana na kukosa matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu: fizi huvimba, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka upya. Tulitazama machungwa mikononi mwetu, tukaitazama bahari, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Darasa la historia na darasa la afya vilikuwa vimefanyika kwa pamoja, na gharama yake ilikuwa nauli ya Kosta na kapu moja la machungwa.

Kuhusu fedha nitapita haraka, maana mmeshachoshwa nazo. Tunachanga kila mtu shilingi 2,000 kwa wiki, daftari husomwa kwa sauti kila Jumanne mbele ya wote, na asiye nazo hukaa bao kama kawaida bila kuulizwa. Tulikataa kukopeshana. Najua vikoba vina faida yake, nami nimo katika kimoja, lakini nimeona vikundi vya burudani vikifa kwa deni la mtu mmoja ambaye anaona haya kurudi barazani, na ninashauri mambo hayo mawili yasilale kitanda kimoja.

Sitawaficha kwamba kikundi cha wazee hupungua. Yule kuli aliyekuwa akinifunga bao alifariki mwaka juzi. Alikosekana Jumanne moja, na kabla ya saa tano tulikuwa mlangoni kwake, kwa sababu mtu mwenye mahali anapongojwa hawezi kupotea siku mbili bila kutafutwa. Tulimkuta hai, tukampeleka hospitali, tukapokezana zamu za kumkalia kwa siku tisa zilizosalia. Kete zake hatujampa mtu. Ziko kwenye kikopo cha maziwa, juu ya kabati la mwenye nyumba, zote zikiwa kamili, nilizihesabu mwenyewe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Ninyi wengine bado mna miezi kadhaa kabla ya kuitwa hivyo kwa mujibu wa karatasi, na wapo waliochagua kuondoka kwa hiari wakiwa na 55. Si lazima mngoje. Tunaye mwenzetu mmoja ambaye bado yuko kazini na huja Jumamosi tu, na kazi yake ni kubeba birika la kahawa, kwa kuwa ndiye kijana.

Safari yetu ijayo ni ya kisiwani, kilekile cha Toten. Imepangwa na yule mama aliyebebwa mgongoni, ambaye kwa sasa ndiye mtu wetu wa maji, na ametuchagulia mwezi wa nane, siku ya maji mafu, yaani maji yasiyokupwa sana, ambapo bahari itakuwa imejaa mnamo saa nne na nusu asubuhi na mashua itatufikisha hadi kwenye mchanga. Tutakutana dikoni saa mbili kamili. Mwenye dawa aje na dawa zake na awe amekula. Viatu viwe vya kufungwa kamba, na kofia ni lazima. Mama ameniagiza niseme pia kwamba mashua ina nafasi kumi na nne, kumi na moja zimeshachukuliwa, na kiti cha mbele ni chake.